Bunduki ya Ranchi Irekebishwe Kuanzia Kwenye Gesi, Si Kwenye Kitako

Watu wengi wanaonunua Ruger Mini-14 huanza kuibadilisha kwa kununua kitako kipya cha plastiki nyeusi, na baada ya kukifunga hushangaa kuona kwamba risasi bado zinatawanyika kwenye shabaha kama zamani. Naamini wanaanzia upande usiofaa. Bunduki hii ina sehemu moja ndogo chini ya mtutu, pale gesi ya baruti inapochepushwa ili kuisukuma mitambo, na sehemu hiyo ndiyo inayoamua, kuliko nyingine yoyote, kama risasi zitakaa pamoja au la. Mwenye kuishughulikia kwa uangalifu atakuwa amemaliza kazi kubwa kabla hajatumia fedha kwa kitu kingine chochote.

Ninafanya kazi kwenye ranchi ya ng'ombe huko Arizona, na bunduki hii ni kifaa cha kazi. Msimu wa ng'ombe kuzaa, koyoti, yaani mbwa mwitu wadogo wa Amerika, hufuata harufu ya kondo la nyuma hadi zizini, na ndama aliyezaliwa usiku anaweza kushambuliwa kabla hajapata nguvu ya kusimama. Bunduki ya ranchi inatakiwa ivumilie vumbi na mtikisiko wa gari, iwe tayari kwa haraka, impige mnyama mdogo kwa umbali wa yadi 50 hadi 200, kisha irudishwe mahali pake bila kudai matunzo mengi. Haitakiwi kushinda mashindano ya shabaha. Kila badiliko ninalolieleza hapa nimelipima kwa kipimo hicho, na msomaji mwenye shughuli tofauti ana haki ya kufikia uamuzi tofauti.

Mini-14 ilibuniwa na William B. Ruger pamoja na L. James Sullivan, mhandisi ambaye awali alikuwa ameshiriki katika kazi ya kuunda bunduki ya AR-15, na ilitangazwa mwaka 1973. Mpangilio wake unafuata ule wa M1 Garand na M14, bunduki za jeshi la Marekani, lakini umepunguzwa ili ulingane na risasi ndogo ya .223 Remington. Toleo liitwalo Ranch Rifle lilitoka mwaka 1982, na sababu yake ilikuwa ya kikazi kabisa. Bunduki za mwanzo zilirusha maganda juu kiasi kwamba aliyefunga darubini alikuwa na shida, na bodi yake, yaani chuma cha katikati kinachobeba mitambo, haikuwa na mahali pa kuishikia darubini hiyo. Ranch Rifle ilichongewa vikalio vya darubini kwenye bodi yenyewe, na kitupa-ganda kikabadilishwa ili maganda yatoke kwa upande. Mwaka 1987 likafuata toleo la Mini Thirty, linalotumia risasi ya 7.62x39, ambalo baadhi ya wenye ranchi hulipenda kwa ajili ya nguruwe pori.

Kabla ya kununua kipuri chochote, soma namba ya bunduki. Zile zinazoanza na 580 na kuendelea zilitengenezwa baada ya kiwanda kubadilisha mitambo yake ya uzalishaji, kuanzia mwaka 2005, na zina uwiano mzuri zaidi wa sehemu, kilengeo cha mbele kilichokingwa kwa mabawa na kilengeo cha nyuma cha tundu. Baadaye mtutu nao uliongezwa unene. Bunduki za zamani, hasa zenye mtutu mwembamba, mara nyingi hutoa kundi la risasi lenye upana wa inchi 3 au 4 kwa yadi 100, na nyingine huzidi hapo. Mpya zinaweza kukaribia inchi 2 bila kuguswa. Mtu mwenye bunduki mpya anayenunua kila kipuri kinachotangazwa huenda anatibu ugonjwa ambao bunduki yake haina. Namba hiyo pia inasaidia kukisia kasi ya mzunguko wa michirizi ndani ya mtutu, ambayo imebadilika kwa miaka: zilianza na mzunguko mmoja kwa inchi 10, kukawa na kipindi cha inchi 7, na sasa ni inchi 9, ambayo inafaa risasi nyepesi za greni 55 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) na pia zile za greni 69.

Sasa nije kwenye gesi, ambako nitakaa kwa muda.

Risasi inapopita juu ya tundu dogo lililotobolewa chini ya mtutu, sehemu ya gesi huingia kwenye tundu hilo, hupita ndani ya kipande kidogo cha chuma ambacho mafundi hukiita bushi, kisha hutokea kwenye bomba fupi linaloelekea nyuma na kukipiga kikombe kilicho mbele ya slaidi. Slaidi ni kipande kizito kinachokaa chini ya mtutu na kupanda upande wa kulia, ambako ndiko kwenye mkono wa kukokea. Inaporudi nyuma, huizungusha bolti, chuma kinachoifunga chemba ya risasi, hadi meno yake mawili yatoke kwenye kufuli. Ganda tupu huvutwa na kutupwa nje, kisha springi huirudisha slaidi mbele pamoja na bolti, ambayo njiani husukuma risasi mpya kutoka kwenye magazini. Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba masizi mengi hubaki mbele, kwenye bomba na kikombe cha slaidi, mbali na bolti. Ndiyo maana Mini-14 huendelea kufanya kazi katika uchafu ambao ungezisumbua bunduki nyingine, na ndiyo maana wenye ranchi waliipenda tangu mwanzo.

Kasoro nayo imekaa mahali palepale. Kiwanda, kwa kutaka bunduki ifanye kazi kwa kila aina ya risasi, katika baridi na katika uchafu, kilitumia bushi yenye tundu kubwa kuliko mahitaji ya kawaida. Matokeo yake, slaidi hurudishwa nyuma kwa nguvu nyingi mno, hugonga bodi, kisha hurudi mbele na kuipiga bloku ya gesi iliyofungwa kwenye mtutu. Mtutu mwembamba wenye chuma kizito kinachogonga katikati yake kwa kila mlio hauwezi kutulia. Dalili ya gesi kupita kiasi ni rahisi kuitambua: maganda hurushwa mbali sana, hatua nyingi mbele upande wa kulia, na anayekusanya maganda ili ayapakie upya hutumia muda mrefu kuyatafuta kwenye majani kuliko aliotumia kufyatua.

Tiba ni kuweka bushi yenye tundu dogo zaidi. Zinazotumiwa na wengi zina tundu la inchi 0.045 au 0.050. Mimi nashauri kuanza na ile kubwa kati ya hizo mbili na kushuka tu pale bunduki inapoonyesha kwamba bado ina gesi ya ziada, kwa kuwa bushi ndogo mno huifanya slaidi ishindwe kumaliza safari yake siku za baridi au kwa risasi dhaifu, na bunduki ya ranchi inayokwama haina thamani hata kama inapiga tundu moja. Ukipata maganda yanayoangukia hatua chache tu kutoka ulipo, na bunduki haikwami kwa risasi yoyote unayoitumia, acha hapo.

Kazi yenyewe inataka utulivu. Toa magazini, vuta bolti, tazama ndani ya chemba na uiguse kwa kidole kuhakikisha hakuna risasi, na ziondoe risasi zote mezani. Bloku ya gesi ni nusu mbili zinazoukumbatia mtutu kwa skrubu nne, mbili kila upande, na kiwandani vichwa vya skrubu hizo hugongwa kidogo ili zisilegee. Kwa hiyo ufunguo wa aleni uingie barabara kabla hujauzungusha, la sivyo utaharibu kichwa. Bushi imekaa kati ya nusu ya chini na mtutu. Safisha masizi yaliyoganda, weka bushi mpya, na hakikisha urefu wake hauzidi ule wa bushi ya awali, kwa sababu bushi ndefu itausukuma mtutu upande mmoja kila unapokaza.

Kukaza ndiko kunakotenganisha kazi nzuri na mbaya. Kaza skrubu kidogo kidogo kwa kupishana pembe kwa pembe, na kila baada ya mzunguko upime nafasi iliyobaki kati ya nusu mbili za bloku kwa fila, vile vibamba vyembamba ambavyo mafundi wa magari hupimia mianya. Nafasi ya kushoto na ya kulia zinapaswa kulingana, mbele na nyuma. Bloku iliyokazwa upande mmoja zaidi huuminya mtutu bila usawa, na mtutu ukipata joto hupinda kuelekea upande huo, ndipo unapoona risasi ya kwanza na ya pili ziko katikati na zinazofuata zinapanda au kwenda pembeni kwa mstari. Mwisho tumia spana ndogo ya kupimia mkazo. Karibu pauni-inchi 25 zinatosha. Kisha rudisha slaidi bila springi yake na uinamishe bunduki mbele na nyuma. Slaidi inapaswa kuteleza kwa uzito wake wenyewe hadi kikombe chake kilifunike bomba, bila kusugua na bila kusita. Ikikwaruza, bomba halijanyooka na kikombe, na hakuna bushi itakayokuletea shabaha nzuri hadi hilo lirekebishwe.

Wapo wanaoongeza vipande vya mpira mgumu mbele na nyuma ya slaidi ili kupunguza kishindo. Vinasaidia kweli, hasa kwa mwenye darubini dhaifu, lakini huchakaa, na kipande kilichomeguka kinaweza kuingia ndani ya mitambo. Anayeviweka avikague kila anapofungua bunduki kwa usafi.

Kwa mtutu mwembamba wa zamani kuna dawa nyingine, nayo ni fimbo ya chuma inayofungwa sambamba na mtutu kutoka bloku ya gesi kuelekea mdomoni, ili kuukaza mtutu na kuchukua sehemu ya joto. Inaongeza uzito mbele na inaonekana vibaya, lakini inafanya kazi. Sioni haja yake kwenye bunduki mpya. Jambo ninalolithamini zaidi ni kuhakikisha bodi imekaa imara ndani ya ubao wa kitako. Ukifunga kikingo cha kifyatulio, ambacho ndicho kinachokibana kitako na bodi pamoja, unapaswa kusikia ukinzani katika sehemu ya mwisho ya safari yake. Ukifunga kwa ulegevu, bodi inacheza ndani ya ubao na kila risasi huanzia mahali tofauti. Fundi anaweza kulijaza pengo hilo kwa gundi ngumu ya epoksi, na kazi hiyo ni ya bei nafuu ukilinganisha na faida yake.

Hapo ndipo tunafika kwenye kitako chenyewe, jambo ambalo wengi hulianza kwanza. Kitako cha ubao wa kiwandani ni kifupi kidogo kwa mtu mrefu, lakini kimebebeka vizuri, hakichomi mkono wakati wa jua kali kama chuma, na hukaa vyema begani bila kutafutwa. Wapo wanaohitaji ubao wa tabaka zilizogundishwa kwa sababu haupindi kwa unyevu, na wapo wanaohitaji plastiki kwa sababu bunduki yao hulala ndani ya boti. Hizo ni sababu za haki. Kitako cha kukunjwa chenye mshiko wa bastola ni habari nyingine, maana kinabadilisha hadhi ya bunduki mbele ya sheria.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1994 iliyopiga marufuku aina fulani za bunduki nusu-otomatiki ilikuwa na kiambatisho cha bunduki zilizosamehewa kwa majina, na Mini-14 ilikuwamo, kwa sharti kwamba haina kitako cha kukunjwa. Sheria hiyo iliisha muda wake mwaka 2004, lakini fikra yake inaishi katika majimbo kadhaa. Huko California, bunduki nusu-otomatiki ya risasi zenye kiwashio katikati ya kitako cha ganda, kama .223, yenye magazini ya kutolewa huhesabiwa kuwa silaha iliyokatazwa ikiwa ina hata kimoja kati ya vitu kama kitako cha kukunjwa, kitako chenye tundu la kidole gumba, mshiko wa bastola au kizima-mwali mdomoni. Bunduki ileile yenye ubao wa kawaida na magazini ya risasi 10 huruhusiwa. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kuwa mhalifu jikoni kwake kwa kutumia bisibisi tu, bila kununua bunduki mpya. Popote Marekani, mtutu wa bunduki ya bega ukiwa chini ya inchi 16, au urefu wote ukiwa chini ya inchi 26, silaha hiyo inaingia katika kundi ambalo lazima lisajiliwe na serikali ya shirikisho kabla ya kazi kuanza. Mtutu wa Ranch Rifle ni inchi 18.5, na sijaona sababu ya kazi inayoweza kunifanya niufupishe. Kuhusu kubadilisha mitambo ili ifyatue mfululizo, hilo ni kosa kubwa la jinai na sitalijadili na mtu yeyote anayeniandikia.

Mwenye bunduki hii anapaswa pia kuijua historia yake yote. Tarehe 6 Desemba 1989, katika chuo cha École Polytechnique mjini Montreal, wanawake 14 waliuawa na mtu aliyebeba Mini-14. Kanada iliipiga marufuku Mei 2020 pamoja na mamia ya aina nyingine, na walionusurika siku ile pamoja na familia za waliouawa walikuwa wamelidai jambo hilo kwa miaka mingi. Sioni aibu kuwa na bunduki ninayoifanyia kazi halali, lakini nachukia kuwasikia wamiliki wenzangu wakiwadharau watu hao. Bunduki yangu isipokuwa kazini imefungwa ndani ya kabati la chuma, risasi ziko mahali pengine, na ufunguo hauko mahali ambapo mtoto au mgeni anaweza kuukuta.

Wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani huniuliza mara kwa mara kama wanaruhusiwa kumiliki bunduki, na jibu linategemea hadhi yao ya uhamiaji. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kununua kama raia, kwa kujaza Fomu 4473 kwa muuzaji mwenye leseni na kupita uchunguzi wa kumbukumbu unaoendeshwa na FBI. Umri wa chini wa shirikisho kwa bunduki ya bega ni miaka 18, na majimbo mengine yameupandisha. Aliye hapa kwa viza ya muda, iwe ya masomo au ya utalii, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi, isipokuwa awe na mojawapo ya ruhusa chache zilizotajwa na sheria, kama leseni halali ya uwindaji. Kudanganya kwenye fomu hiyo ni kosa la shirikisho, na kwa mhamiaji madhara yake hayaishii mahakamani. Usimwombe ndugu akununulie kwa jina lake. Nalo ni kosa.

Kwa vilengeo, tundu la nyuma la bunduki mpya linatosha hadi yadi 100 kwa mtu mwenye macho mazuri. Mimi nimefunga darubini ndogo ya ukuzaji wa 1 hadi 4 kwa pete za kiwandani, ambazo hushika moja kwa moja kwenye vikalio vya bodi. Chagua darubini yenye sifa ya kustahimili kishindo, kwa kuwa slaidi ya Mini-14 huitikisa kwa pande zote mbili, mbele na nyuma. Magazini nunua za kiwandani. Ni ghali zaidi, lakini sehemu kubwa ya malalamiko ya kukwama niliyowahi kuyasikia hutoweka mtu anapoachana na magazini za bei rahisi.

Kifyatulio cha kiwandani ni kizito na kina safari ndefu, na fundi mwenye ujuzi anaweza kukifanya kiwe laini bila kukifanya kiwe hatari. Hiyo si kazi ya kujifunzia nyumbani. Kumbuka pia kwamba loki ya usalama iko mbele ya kikingo cha kifyatulio, na kidole kinachoisukuma mbele kiko karibu sana na kifyatulio chenyewe, kwa hiyo ifunguliwe tu pale mdomo wa bunduki umeshaelekezwa kwa mnyama na kinachoonekana nyuma yake ni udongo. Sindano ya bolti haina springi ya kuizuia na huacha kibonyeo kidogo kwenye kiwashio cha risasi bolti inapofunga. Kwa hiyo pakia kupitia magazini, usidondoshe risasi moja ndani ya chemba na kuiachia bolti ijifunge juu yake.

Ukishamaliza yote hayo, pima shabaha upya, kwa sababu kila ulipoigusa bloku ya gesi ulibadilisha mahali risasi inapofika. Kwa risasi ya greni 55 mimi huweka sifuri, yaani umbali ambao risasi hupiga pale palipolengwa, yadi 200, na kwa hiyo yadi 100 risasi hupiga inchi moja na nusu hadi mbili juu ya alama, tofauti ambayo kwa koyoti haihitaji hesabu yoyote. Fyatua kundi la kwanza mtutu ukiwa baridi, uache upoe kabisa, kisha rudia, maana kazini ni ile risasi ya kwanza ya mtutu baridi inayomfikia koyoti. Baada ya boksi la kwanza, rudi kwenye zile skrubu nne na uzipime tena mkazo.